Gitaa Lisilopumua: Kisa cha Kutafuta Amplifaya ya Kurekodia Dansi

Mzee aliliweka gitaa mapajani, akavua hedifoni taratibu, akasema, "Mwanangu, hili gitaa halipumui." Kisha akaomba chai.

Hivyo ndivyo nilivyoyakuta mambo siku nilipoitwa kwenye studio moja ndogo ya Sinza, Dar es Salaam. Mwenye studio ni kijana aliyezoea kurekodi Bongo Fleva na kwaya, na safari hii alikuwa amepata kazi ya aina nyingine kabisa: bendi ya dansi ya wazee watupu, nyimbo sita, magitaa matatu na besi. Kuna gitaa la solo, la kati na la ridhimu. Kwa siku mbili walikuwa wamejaribu njia anayoijua yeye, yaani waya wa gitaa unaingia moja kwa moja kwenye kadi ya sauti na kompyuta inaigiza amplifaya. Mpiga ridhimu hakuwa na neno. Mpiga solo ndiye aliyegoma.

Njia ya kijana si ya kubeza. Tangu kampuni ya Line 6 ilipotoa kile kifaa chake chekundu chenye umbo la haragwe, POD, mwaka 1998, uigaji umepiga hatua kubwa, na leo zipo nyimbo zinazopigwa redioni ambazo gitaa lake halikuwahi kupita kwenye spika. Lakini kijana alikuwa ameshakata tamaa. Aliponiona tu, baada ya salamu, akauliza, "Fundi, ninunue amplifaya gani?" Mfukoni alikuwa na milioni tatu. Kichwani alikuwa na video kama arobaini alizoangalia usiku, na nyingi zilimwambia jambo moja: kwa studio, nunua amplifaya ndogo ya valvu, yaani ya zile taa za kioo za kukuzia sauti, wati tano, uifungulie mpaka mwisho.

Ushauri huo una mantiki yake, nitaufikia. Kwanza nilitaka kujua mzee anasikia nini.

Nikamwambia, "Shikamoo mzee, nipigie kidogo." Akaitikia marahaba, akavaa hedifoni, akapiga mistari miwili. Nilichokiona ni mkono wake wa kulia: alikuwa anasita. Kila baada ya noti nne tano anarudi nyuma kidogo, kama mtu anayezungumza kwenye simu yenye mwangwi. Nikaenda kwenye kompyuta. Bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta huijaza kabla ya kuifanyia kazi, ilikuwa imewekwa sampuli 512, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde. Hiyo ni milisekunde karibu 12 kuingia na nyingine 12 kutoka. Sauti hewani husafiri sentimita 34 hivi kwa milisekunde moja, kwa hiyo mzee alikuwa anapiga gitaa ambalo amplifaya yake iko mita nane kutoka alipokaa. Mpiga gitaa kijana aliyekulia kwenye kompyuta huzoea. Mtu aliyetumia maisha yake yote akiwa na spika mgongoni hawezi.

Nikaishusha hadi 64. Mzee akapiga tena, akatabasamu nusu. "Sasa limesogea. Lakini bado limefungiwa kabatini."

Nusu ya malalamiko ilipona bila kutoa shilingi. Nayaandika haya kwa sababu nimeona watu wakinunua amplifaya kutibu ugonjwa wa bafa. Ile nusu iliyobaki, ya kabatini, ndiyo ilikuwa kesi yenyewe.

Tukakubaliana tusinunue kitu kabla ya kusikiliza ndani ya chumba kilekile, gitaa lilelile, mkono uleule. Kwa siku tatu tukakusanya za kuazima. Bendi wenyewe walileta Fender Twin Reverb yao, wati 85, spika mbili za inchi 12, mzigo wa karibu kilo 30 uliopandishwa ngazi na watu wawili wakitoleana maneno. Kanisa la jirani likatuazima Roland JC-120, ile ya transista iliyoanza kutoka mwaka 1975 na ambayo bado inatengenezwa. Rafiki yangu akaleta kijiamplifaya cha valvu cha wati tano, spika ya inchi nane, kile hasa cha kwenye video. Na mwingine akaleta Fender Deluxe Reverb, wati 22, spika moja ya inchi 12, aliyotumiwa na ndugu yake kutoka Marekani.

Hiyo ya mwisho nusura ituharibie wiki. Imeandikwa mgongoni, kwa herufi ndogo, volti 120. Msaidizi wa studio alikata plagi ya Kimarekani, akafunga ya pini tatu, akachomeka ukutani kwenye 230. Ukasikika mlio mdogo, kimya. Nilipoingia nilimkuta ameshachomoa fyuzi iliyokufa na anakunja karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara ili aizungushie. Nilimzuia kwa sauti ambayo baadaye niliomba radhi kwayo. Fyuzi ilikuwa imefanya kazi yake: imekufa ili transfoma isife. Ile karatasi ingeruhusu umeme upite mpaka kitu cha gharama kubwa zaidi kiungue. Tukatafuta transfoma ya kushusha volti na fyuzi ya kiwango chake, ikawaka, na taa zake za kioo zikaanza kung'aa rangi ya chungwa. Mzee alikuwa anachungulia kwa nyuma. "Hizo ndizo nazijua," akasema.

Sasa chumba. Mita 3.6 kwa 3, dari mita 2.6, magodoro mawili ukutani, zulia, na upande wa pili wa ukuta kuna duka la soda. Ni chumba cha kuimbia. Mpiga ridhimu alipojaribu Twin ikiwa sakafuni, kila alipogusa do ya nyuzi ya tano, nafasi ya tatu ya shingo ya gitaa, chumba kizima kiliitikia "vuuu". Noti nyingine zilikuwa salama, hii moja inafura. Kijana akadhani ni amplifaya. Ilikuwa dari. Noti ile ni kama hezi 131, na wimbi la sauti la hezi 132 lina urefu wa mita 2.6, ileile ya kutoka sakafuni hadi darini. Chumba kilikuwa kinaimba na mpiga gitaa.

Kuna mahali wimbi hilo halina nguvu: robo ya kimo cha chumba kutoka chini, sentimita 65. Tukaweka amplifaya juu ya kiti cha plastiki cha kawaida, katikati ya spika ikafika palepale. Mfuro haukuisha wote, ila ulipungua kiasi cha kutopigiwa kelele. Kiti cha plastiki kilikuwa kinatetema chenyewe, tukakibadilisha na stuli ya mbao na kukunja khanga chini ya amplifaya.

Maiki ya gitaa tuliyoanza nayo ilikuwa moja, Shure SM57. Tulimulika tochi kwenye kitambaa cha mbele hadi tukaona duara la katikati ya spika, kile kikofia. Mzee alipiga mstari mmoja kwa kurudia, mimi nikiwa na hedifoni ninaisogeza maiki kidole kimoja kimoja kutoka katikati kwenda ukingoni. Katikati kabisa sauti inachoma kama sindano. Vidole vitatu pembeni, nyuzi mbili za chini zinaanza kusikika ni za chuma na si za bati. Vidole sita, inakuwa mtu anayeongea nyuma ya mlango. Tulisimama kwenye vitatu, tukabandika utepe sakafuni na kwenye kitambaa. Naapa kwamba tofauti ya kidole kimoja pale ilikuwa kubwa kuliko tofauti ya baadhi ya amplifaya tulizokuja kuzilinganisha.

Kulinganisha kwenyewe tulikufanya mzee akiwa ameelekea ukutani. Kila moja ilirekodiwa mstari uleule, na kabla ya kusikiliza tulizisawazisha ukubwa wa sauti, kwa sababu sikio hudanganywa na iliyo juu: inayopiga kelele zaidi daima hushinda. Hapo ndipo Twin, mfalme wa chumba, ilipopoteza taji. Ukikaa nayo ana kwa ana inakuvuta nguo. Ila kwa ukubwa ambao chumba kile kingestahimili, ilikuwa imefunguliwa hadi namba mbili tu, na kwenye rekodi ilisikika nyembamba, kama lori linalotembezwa gia ya kwanza. Ilipofika nne, dirisha lilianza kucheza na maiki ya mwimbaji kwenye chumba cha pili ikawa inalisikia gitaa kuliko mwimbaji.

Wengi hudhani wati 85 zina kelele mara kumi na saba ya wati tano. Hapana. Spika zikiwa na uwezo sawa, tofauti yao ni desibeli kama 12, na sikio la mtu husema sauti imeongezeka maradufu kwenye desibeli kama 10. Kwa hiyo kale kadogo ka wati tano kalikuwa na sauti ya kutosha kabisa kwa studio. Hapo ushauri wa video uko sahihi.

Ulikosea kwingine, na huku ndiko nilikotumia muda mwingi.

Walioutoa wanapiga roki na bluzi. Kwao, uzuri wa amplifaya ndogo ni kwamba unaweza kuisukuma mpaka valvu zikwaruze bila kuwaamsha majirani. Mkwaruzo ndio wanaoutafuta. Sasa mzee wetu anapiga nini? Dansi, shule ileile ya rumba ya Kongo: solo halitembei peke yake, linatembea na mwenzake, do na mi, noti mbili zikipanda na kushuka pamoja kama watu wawili kwenye baiskeli moja. Chukua noti ya hezi 440 na mi yake, hezi 554. Kwenye amplifaya safi unasikia hizo mbili. Kwenye amplifaya inayokwaruza, zile mbili huzaa ya tatu, tofauti yao, hezi 114, ambayo mzee hakuipiga. Wimbo ukisonga na noti zikibadilika, huyo mtoto wa haramu anazurura huko chini, na chini ndiko besi na ridhimu walikokaa.

Kwenye sehemu ya taratibu, amplifaya ya wati tano ilikuwa tamu kuliko zote nne. Nakiri, nilianza kuipenda. Lakini wimbo ulipofika kwenye chemko na mzee akaanza kukung'uta, noti ziligandana kama wali uliozidi maji. Mzee, bado ameelekea ukutani, akasema, "Huyu amelewa. Mtoeni." Tuliipunguza mpaka isikwaruze, ikawa imeshuka mno hata mlio wa nyuzi zenyewe unaishinda spika.

Kwa hiyo swali la studio ile halikuwa amplifaya ndogo au kubwa. Lilikuwa: ni ipi inayobaki safi kwenye pigo kali la mzee, kwa ukubwa ambao chumba kinaustahimili, huku spika ikiwa imeshaanza kusukuma hewa? Deluxe Reverb ya wati 22, ikiwa imefunguliwa kama tatu na nusu, ilijibu vizuri. Mzee aliichagua mara tatu kati ya tatu bila kuiona. JC-120 ilikuja ya pili kwa solo, na kwa ridhimu haikuwa na mpinzani: kila nyuzi peke yake, kavu, inakata kama wembe. Ina kasauti ka "sss" kakiwa kimya, ila bendi ikiingia huwezi kukasikia.

Siku ya majaribio ya ridhimu ilituletea kituko. Tuliwasha korasi ya JC, ile swichi inayofanya gitaa moja lisikike kama mawili, tukarekodi, tukasikiliza, na gitaa likasikika limepotea tyuni, linayumba juu chini. Mpiga ridhimu akaanza kukaza vifunguo vyake kwa aibu. Gitaa lake halikuwa na kosa. JC-120 ina spika mbili na amplifaya mbili ndani, na korasi yake hutengenezwa hewani: spika moja inatoa gitaa lilivyo, ya pili inatoa gitaa linaloyumbayumba, na masikio yako mbele ya zote mbili ndiyo yanayozichanganya. Sisi tulikuwa na maiki moja, na tulikuwa tumeiweka kwenye spika ya mlevi. Tuliongeza maiki ya pili kwenye ile nyingine, kwa umbali uleule, tukazitenga kushoto na kulia, na bendi nzima ikasema "aaa" kwa pamoja. Nyimbo zilizobaki tulizima korasi na kutumia spika moja. Ukizidisha inageuka sauti ya harusi ya miaka ya themanini.

Lililobaki ni umeme, na kwa kweli ndilo lililoamua fedha iende wapi. Mchana soketi ilisoma volti 226. Saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa na feni na pasi, 198. Valvu zina waya mdogo wa kuzipasha moto unaotaka volti 6.3, na umeme ukishuka hivyo hupata kama 5.4. Deluxe ikaanza kulegea: pigo la kwanza halina meno, noti ndefu zinanyong'onyea. Wapo wanaoupenda ulegevu huo. Tatizo ni kwamba wimbo uliorekodiwa mchana haukufanana na uliorekodiwa usiku. JC ilibaki vilevile saa zote. Stebilaiza ya kawaida ilisaidia, ila kila inapobadilisha ngazi inagonga "tak" ndani ya rekodi, tukaihamishia nje kwenye korido. Friji la duka la soda nalo lilikuwa linapiga cheche inayosikika kwenye rekodi kila linapowaka. Hilo tulilimaliza kwa kumlipia mama wa duka kreti moja ya soda ili alizime wakati wa kurekodi.

Kijana bado alitaka Twin. Nilimwelewa, ina sura, na wateja wake hupiga picha. Nikamuuliza maswali matatu tu. Utaibeba na nani? Valvu zikifa, utazipata wapi wiki hiyohiyo? Mimi sijawahi kuzikuta dukani Kariakoo, huwa naagiza na kusubiri. Na mwimbaji wa Bongo Fleva akija kesho na gitaa moja la kubembeleza, utaifungulia kiasi gani? Akakuna kichwa.

Nilichomshauri ni anunue JC-40, mdogo wa ile ya kanisa: wati 40, spika mbili za inchi kumi, transista, ya volti zetu, haidai valvu. Kwa solo la mzee, tumkodi mwenye Deluxe kwa siku za kazi na kumlipa vizuri. Mtu anayerekodi magitaa ya dansi mara mbili kwa mwaka hana sababu ya kufuga valvu kwenye joto na chumvi ya Dar. Ingekuwa studio ya bluzi yenye umeme uliotulia, ningemwambia kinyume chake, na kale ka wati tano kangeshinda.

Jambo moja nililisisitiza mpaka nikachosha: wakati wote tunaporekodi amplifaya, tuchukue pia laini kavu ya gitaa, moja kwa moja, kwenye faili lake. Haigharimu chochote.

Kurekodi kulichukua siku nne. Mzee na wenzake ni watu wa enzi za RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu, ambako bendi nzima iliingia studio na kupiga wimbo mwanzo hadi mwisho, ukikosea mnarudi wote. Hawakutaka habari ya mmoja mmoja. Tukawaweka magitaa watatu chumba kimoja, kila amplifaya imeelekezwa kona yake na godoro katikati, mwimbaji na ngoma wakiwa chumba cha pili, mlango wazi kiasi cha kuonana macho. Kwenye solo nilisogeza maiki ya pili mita moja nyuma kutoka kwenye spika, nikaichanganya kidogo sana. Mzee aliposikia akasema, "Eeh. Sasa anapumua," na hakugusa tena hedifoni kuirekebisha.

Siku ya nne mwenye Deluxe alikuja kuichukua saa nane mchana, ana shughuli yake Bagamoyo. Wimbo wa sita ulikuwa haujaanza. Tulirekodi solo lake kwa laini kavu tu, mzee akijisikia kupitia kompyuta kwa bafa ya 64, na wiki mbili baadaye JC-40 ilipofika, tukaipitisha laini ile kwenye amplifaya mpya, maiki ikiwa kwenye utepe wetu wa vidole vitatu. Mzee alizisikiliza nyimbo zote sita nyumbani kwake, kwenye redio ya mkulima iliyo na tundu la memori kadi, na akampigia kijana simu kusema anaupenda zaidi wa sita. Kijana akanipigia mimi, anacheka, anauliza amwambie au asimwambie.